Maswali ya Mchambuzi wa Biashara: Namna ya Kuyaandaa na Kuyauliza

Maombi mengi yanayomfikia mchambuzi wa biashara huja yakiwa yameshavaa sura ya suluhisho. Meneja wa mauzo anataka ripoti mpya kila Jumatatu. Mhasibu anataka mfumo wa stoo uunganishwe na mashine ya risiti. Mwenyekiti wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, anataka programu ya simu kwa kuwa chama jirani kinayo. Hakuna aliyeeleza tatizo. Kila mmoja ametaja dawa. Ni kama mgonjwa anayefika duka la dawa akaomba kidonge kwa jina lake: mfamasia makini hafungi kidonge hicho kabla ya kuuliza anaumwa wapi, tangu lini, na ameshatumia dawa gani. Kazi ya mchambuzi inaanzia hapo, kwenye kurudi nyuma kutoka suluhisho lililotajwa hadi kero iliyolizaa, na hakuna njia ya kurudi huko isipokuwa kwa kuuliza.

Taaluma yenyewe imelipa jambo hili uzito. IIBA, taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara iliyoanzishwa Kanada mwaka 2003, ina mwongozo wake mkuu ambao toleo la 3 lilitoka 2015. Kati ya maeneo 6 ya maarifa yanayoelezwa humo, moja zima linahusu kuchota taarifa kutoka kwa wadau na kushirikiana nao. Hata hivyo mashirika mengi humpa mchambuzi siku mbili za kuuliza na miezi ya kujenga. Swali lililorukwa mwanzoni hulipiwa baadaye, wakati fomu zimeshachapishwa, programu imeshaandikwa na watumishi wameshafundishwa utaratibu ambao haufanani na kazi yao.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Afrika Mashariki ni M-Pesa. Mradi huo haukubuniwa kuwa huduma ya kutumiana pesa. Vodafone ya Uingereza, kwa kuchangiwa na fedha za idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya nchi hiyo, ilikusudia kuwawezesha wakopaji wa taasisi za mikopo midogo kupokea mikopo na kulipa marejesho kwa simu. Majaribio yalianza Kenya Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa ushirikiano wa Safaricom, taasisi ya mikopo ya Faulu na Commercial Bank of Africa, yakiwa na wateja mia chache tu. Kama swali lingekuwa ni hili peke yake, kwamba je, marejesho yanalipika kwa simu, jibu lingekuwa ndiyo na mradi ungebaki mdogo. Lakini timu ya Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone iliangalia pia wateja walivyoitumia huduma nje ya kusudio lake. Walikuwepo wafanyabiashara waliolipana wao kwa wao. Walikuwepo walioingiza mauzo ya jioni kwenye simu ili fedha zilale salama, maana benki zilikuwa zimeshafungwa na wakala wa huduma hiyo bado yuko wazi. Wasafiri waliweka pesa kabla ya kuondoka na kuzitoa walikofika. Wengine walilipa marejesho ya wenzao kwa kubadilishana na kazi, na wengine walinunua muda wa maongezi wakawatumia jamaa zao wa mbali. Upande wa pili, Faulu ilipata taabu kuoanisha taarifa za huduma hiyo na vitabu vyake. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kazi yake kuu ilikuwa kutuma pesa nyumbani, na marejesho ya mikopo yaliwekwa kando.

Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni aina ya swali. Kumuuliza mteja anataka nini kungeleta orodha ya matamanio. Kuchunguza anachokifanya tayari, kwa shida zake na ujanja wake, kulionyesha biashara nyingine kabisa.

Kabla ya kuonana na yeyote, mchambuzi anapaswa kumaliza kujua yale yanayojulikana bila kuuliza. Ankara za miezi mitatu, daftari la stoo, ripoti za mauzo ya siku (ripoti za Z) za mashine ya risiti (EFD), barua za malalamiko ya wateja, muundo wa idara: vyote hivi vinasomeka mezani. Kumuuliza mkuu wa idara ana watumishi wangapi, ilhali orodha iko ofisi ya utumishi, ni kumpotezea muda na kumwonyesha kwamba mgeni hajajiandaa. Kusoma kwanza kuna faida nyingine kubwa zaidi: mchambuzi huja na jambo mahususi mkononi. “Kwenye daftari la mwezi uliopita kuna mzigo ulioandikwa kupokelewa mara mbili, ilikuwaje?” ni swali linalofungua mazungumzo ya saa nzima. “Je, kuna changamoto zozote?” hujibiwa kwa neno moja.

Maandalizi ya pili ni kuandika kila swali na, pembeni yake, uamuzi unaolitegemea. Hiki ndicho kipimo kikuu cha swali zuri katika kazi hii. Ikiwa majibu yote yanayowezekana yanaelekea uamuzi uleule, swali hilo halina kazi hata likiwa la kuvutia. Kujua wateja wa duka wana umri gani kuna maana iwapo umri utabadilisha bidhaa zinazoagizwa au namna ya kuzitangaza. Kama hautabadilisha chochote, safu hiyo ya dodoso ifutwe. Dodoso nyingi za ofisini zingepungua nusu kwa kipimo hiki, na wahojiwa wangeshukuru.

Kisha hufuata suala la nani aulizwe. Kwa kawaida watu wa aina tatu wanatosha kuanzia: anayeamua na kulipa, anayefanya kazi yenyewe kila siku, na anayepokea matokeo yake. Wa kwanza hupatikana kirahisi kwa sababu ndiye aliyeita. Wa pili na wa tatu ndio husahaulika, na ndio wanaojua. Mlinzi wa getini anayeandika namba za magari, karani wa zamu ya usiku, dereva anayegombana na wateja kuhusu idadi, mama anayesubiri dirishani: hakuna kati yao anayealikwa kwenye kikao cha uzinduzi wa mradi, na mara nyingi hitilafu inayotafutwa iko mikononi mwao.

Katika mahojiano yenyewe, kanuni yenye faida kubwa kuliko zote ni kuuliza juu ya tukio badala ya mazoea. Mtu akiulizwa huwa anafanyaje, husimulia utaratibu jinsi unavyopaswa kuwa. Akiulizwa mara ya mwisho ilikuwaje, husimulia ilivyokuwa. Katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi ambalo idadi ya mifuko ya saruji hailingani na vitabu, swali “Mzigo unapofika huwa mnafanyaje?” litajibiwa: “Tunapokea, tunahesabu, tunaandika, tunasaini.” Jibu hilo ni safi na halina msaada. Mahojiano yanayofuata tukio huenda kwa njia nyingine:

“Shikamoo mzee. Mzigo wa mwisho wa saruji uliingia lini?”

“Marahaba. Juzi, kama saa moja usiku hivi.”

“Nani aliupokea?”

“Mimi nilikuwa nimeshatoka. Aliupokea kijana wa getini.”

“Akahesabu vipi?”

“Walivyokuwa wanashusha. Akaniandikia kwenye karatasi.”

“Na karatasi hiyo sasa iko wapi?”

“Hii hapa. Sijaiingiza bado, mtandao ulikuwa unasumbua.”

Kwa maswali manne yamejitokeza mambo ambayo hayamo katika utaratibu ulioandikwa: mzigo hupokelewa baada ya saa za kazi, anayehesabu si mtunza stoo, hesabu hukaa kwenye karatasi kwa siku mbili, na mauzo ya siku hizo mbili yanafanyika juu ya idadi isiyo sahihi. Hakuna hata swali moja kati ya hayo lililohitaji ufundi wa kompyuta. Kila moja liliomba ukweli mdogo, na kila jibu likazaa swali lililofuata. Mchambuzi anayeshika orodha yake na kuisoma hadi mwisho, bila kulifuata jibu lililotolewa, angeikosa ile karatasi.

Maswali ya kudhania ndiyo yanayopotosha zaidi, na yanapendwa sana. “Mkiwekewa mfumo mpya mtautumia?” Wote watasema ndiyo, kwanza kwa adabu, pili kwa sababu kukubali hakuwagharimu chochote. Ushahidi bora uko nyuma: mfumo uliopo ulifunguliwa mara ya mwisho lini, na nani? Kabla ya kuomba msaada, watu wa idara hii walijaribu nini wenyewe? Jibu la swali hili la pili lina thamani ya pekee. Mtumishi anayeumizwa kweli na tatizo huwa ameshalitafutia njia: ana daftari lake la pembeni, ana kundi la WhatsApp la kutumiana picha za risiti, ana jedwali la Excel alilolitengeneza usiku. Madaftari hayo ya pembeni yanastahili kuombwa, kwa upole na kwa ahadi kwamba mwenyewe hataadhibiwa. Safu zake zinaonyesha taarifa ambazo mfumo rasmi umeshindwa kuzitunza, na mara nyingi ndiyo rasimu bora ya mahitaji inayoweza kupatikana bure. Kinyume chake, tatizo ambalo hakuna aliyewahi kuhangaika nalo hata kidogo huenda si kubwa kama linavyosemwa kikaoni.

Ipo pia “ndiyo” ya heshima. Katika ofisi nyingi za ukanda huu, karani hampingi meneja wake mbele ya mgeni, na kijana hamsahihishi mzee. Kikao cha pamoja kitatoa maelezo ya mkubwa yakiungwa mkono na wadogo wote, nacho kitaonekana kama makubaliano. Kwa hiyo wanaofanya kazi wahojiwe peke yao, mahali pao pa kazi, baada ya salamu za kutosha na maelezo ya wazi kwamba kinachochunguzwa ni kazi, si mtu. Kukaa pembeni ya kaunta asubuhi moja na kutazama, kisha kuuliza “Nimeona umeandika mara mbili hapa, ya pili inakwenda kwa nani?”, huleta majibu ambayo ukumbi wa mikutano hauwezi kuyatoa. Maelezo ya meneja nayo yasitupwe. Tofauti kati ya anavyoamini kazi inafanyika na inavyofanyika kweli ni tokeo la uchambuzi lenye uzito wake.

Maneno ya swali yana nguvu juu ya jibu, na hili limethibitishwa kwa majaribio. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer, wanasaikolojia wa Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu ya ajali ya magari. Wanafunzi 50 waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipobamizana, wengine 50 waliulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, na 50 hawakuulizwa juu ya mwendo. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika, lakini 16 katika kundi la neno kali walisema waliviona, dhidi ya 7 katika kundi la neno la kawaida na 6 katika kundi la tatu. Kitenzi kimoja tu kilitosha kubadilisha kumbukumbu. Mchambuzi anayeuliza “Mfumo huu unawachelewesha sana, siyo?” ameshaandika jibu mwenyewe. Njia salama ni kuuliza hatua zilizopo tangu mteja anapofika hadi anapopata risiti, na kila hatua ilichukua muda gani leo asubuhi. Maswali mawili yaliyofungwa pamoja nayo yatenganishwe: anayeulizwa kama huduma ni ya haraka na nafuu hana namna ya kujibu iwapo ni ya haraka lakini ghali.

Kuna maswali yanayoonekana ya kitoto ambayo mtaalamu huona aibu kuyauliza, na hayo hayana budi kuulizwa. Mengi yanahusu vipimo na maana. Mauzo ya mwezi ni kabla ya VAT au pamoja nayo? Kwa kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, 18%, bidhaa ya shilingi 100,000 husomeka 118,000 kwenye ripoti ya idara nyingine, na idara mbili zinaweza kugombana mwaka mzima juu ya tarakimu ambazo zote ni sahihi. Mteja hai ni aliyenunua ndani ya siku 30 au ndani ya mwaka? Mkopo huhesabiwa umechelewa kuanzia siku ya kwanza au baada ya siku ngapi? Katika biashara ya mazao, gunia ni la kilo ngapi? Wakala wa Vipimo Tanzania umepambana kwa miaka mingi na lumbesa, gunia linaloshonewa nyongeza juu ya kipimo, na nchini Kenya kanuni za 2019 zililiwekea gunia la viazi kikomo cha kilo 50. Mfumo wa ununuzi unaohesabu magunia bila kuuliza uzito unatunza takwimu zisizo na maana. Uzembe huu haubagui wataalamu. Septemba 1999 chombo cha NASA kilichotumwa kuchunguza hali ya hewa ya sayari ya Mars kilipotea kwa sababu programu ya mkandarasi ilitoa msukumo kwa vipimo vya paundi na waongozaji wakaupokea kana kwamba ni vipimo vya nyutoni.

Swali la “kwa nini” linahitaji uangalifu wake. Katika kampuni ya Toyota lilifanywa kuwa mbinu kamili ya kuuliza “kwa nini” mara tano, na mhandisi wake Taiichi Ohno aliieleza katika kitabu chake cha 1978 kwa mfano wa mashine iliyosimama. Fyuzi imekatika kwa sababu mzigo umezidi. Mzigo umezidi kwa sababu beringi haikupata mafuta ya kutosha. Mafuta hayakutosha kwa sababu pampu haivuti vizuri. Pampu haivuti kwa sababu shafti yake imelika. Shafti imelika kwa sababu hapakuwa na kichujio, na vipande vya chuma vikaingia. Anayeishia kwenye jibu la kwanza hubadilisha fyuzi, na mashine husimama tena. Hesabu ya mara tano si amri. Wakati mwingine chanzo hufikiwa kwa hatua ya tatu, na wakati mwingine njia hugawanyika ikahitaji kufuatwa pande mbili.

Lakini mashine haioni aibu, na mtu huona. Karani anayeulizwa “Kwa nini hukuandika?” husikia tuhuma na huanza kujitetea, na kuanzia hapo taarifa zote zitakuwa za utetezi. Ni bora kuuliza ni kitu gani kilizuia kuandika siku ile, au nini kilitokea kabla. Maudhui ni yaleyale, ila lawama imeondolewa kwa mtu ikaelekezwa kwenye mazingira ya kazi, ambako mara nyingi ndiko inakostahili kuwa.

Baada ya njia ya kawaida kueleweka, muda mwingi utengwe kwa hali zisizo za kawaida, kwa kuwa ndimo mifumo inamovunjikia. Umeme ukikatika katikati ya muamala, nani anajua kama umekamilika? Mteja akirudisha bidhaa baada ya siku kufungwa kihesabu, inaandikwa wapi? Pesa zikitumwa namba isiyo sahihi, nani ana mamlaka ya kuzirudisha, na akiwa likizo anakaimu nani? Mwanachama wa SACCOS akifariki akiwa na mkopo, hatua ya kwanza ni ipi? Watendaji huyajibu maswali haya kwa hamu, maana ndiyo yanayowanyima usingizi na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kuhusu uendeshaji wa mazungumzo, mawili yanatosha kusemwa. La kwanza ni kunyamaza baada ya swali. Mhojiwa anayefikiri hahitaji kusaidiwa maneno, na sentensi inayokuja baada ya kimya mara nyingi ndiyo aliyokuwa anapima kama aitoe. La pili ni kuandika alichosema kwa maneno yake, kisha kumrudishia maandishi mafupi siku hiyohiyo au kesho yake ili ayathibitishe. Watu hukumbuka mambo muhimu wanapojisoma.

Yapo maswali mawili ambayo anayegharamia kazi hapaswi kuyakwepa, na mchambuzi hapaswi kuona haya kuyarudia. Miezi sita baada ya kukamilika, ni tarakimu gani itakuwa imebadilika, kutoka ngapi hadi ngapi, na nani ataisoma? Na je, kazi hii isipofanyika kabisa, nini kitatokea? Jibu la swali la pili likiwa “hakuna kikubwa”, fedha na nguvu za shirika zimeokolewa kwa mazungumzo ya dakika kumi. Hapo ujasiri unahitajika, kwa kuwa kumwambia bosi kwamba mradi wake hauna sababu ni kazi ngumu kuliko kuuandikia mahitaji, na mchambuzi anayeikwepa anawanyima wenzake huduma kubwa kuliko zote anazoweza kuwapa.

Kuuliza nako kuna mwisho. Mahojiano yanapoacha kubadilisha chochote katika mchoro wa mchakato, na wahojiwa wapya wanarudia yaliyokwisha kusemwa, muda wa kujenga umefika. Yasiyojibiwa yaandikwe wazi katika hati ya mahitaji, kila moja likiwa na jina la anayepaswa kulijibu na tarehe ya mwisho, yasifunikwe kwa makisio. Na ombi ambalo mwenyewe, baada ya kuulizwa kwa upole na zaidi ya mara moja, hawezi kutaja uamuzi utakaofanywa kwa kutumia matokeo yake, bado halijaiva. Mchambuzi ana haki na wajibu wa kulirudisha.